Njia mbili za juu ya Ziwa Albert: Kasenyi, Mahagi, na watu waliozibeba kichwani

Kutoka Bunia hadi Bogoro ni kilomita 25 hivi. Njia ni ya udongo, inapanda na kushuka kati ya vilima vya majani mafupi, ng'ombe upande huu, mihogo upande ule. Ukipita Bogoro kidogo, ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa Ziwa Albert linaonekana, pana na jeupe kama bati wakati wa mchana, na siku isiyo na ukungu mtu anaona hata ukingo wa Uganda ng'ambo. Kutoka hapo gari linashuka kwa kona hadi Kasenyi. Bunia iko juu ya mita 1,200 na ziwa liko kwenye mita 620 hivi, kwa hiyo aliyetoka mjini asubuhi na koti analivua kabla ya kufika kwenye mitumbwi.

Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili inatoka Bunia kwenda kaskazini, inapita Iga Barrière, Djugu, Fataki na Nioka hadi Mahagi, halafu inafika mpaka wa Uganda pale Goli. Ni kilomita 180 hivi kutoka Bunia hadi Mahagi. Serikali inaiita Barabara ya Kitaifa namba 27. Watu wanasema RN27. Hii ya pili haioni ziwa kila mahali, inatembea ndani ya vilima vya baridi, kwenye nchi ya maharage, viazi, kahawa na miti ya mikalitusi. Lakini ziwa liko pembeni yake safari nzima, upande wa mashariki, nyuma ya milima.

Mgeni akipita kwenye njia hizi anapiga picha, na ana haki, maana uzuri wake si wa kubishaniwa. Familia zilizo leo kwenye kambi za wahamaji Bunia, au ng'ambo katika kambi ya Kyangwali, zinazijua kwa hesabu nyingine: wapi kuna kichaka cha kujificha, wapi mto unavukika kwa miguu, ni saa ngapi kutoka kijijini hadi ufukweni ukiwa na mtoto mgongoni. Habari hii ni ya hesabu hizo mbili, na ya jambo moja ambalo historia inalionyesha tena na tena. Njia hizi hazikuchongwa kwa ajili ya vijiji vinavyokaa kando yake, na kila zilipofungwa, ni ziwa lililogeuka kuwa njia.

Kabla ya magari, ziwa lilikuwa njia tayari. Ng'ambo, pale Kibiro katika nchi ya Bunyoro, wanawake walitengeneza chumvi, na chumvi hiyo ilivuka maji kwa mitumbwi na kubadilishwa na chakula na vitu vingine. Waalur, Wahema, Walendu na majirani wao walikuwa na vijia vya kupanda na kushuka ukingo, vyembamba, vya mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Wanyoro waliliita ziwa Mwitanzige, maana yake muua nzige. Jina la Albert lilikuja mwaka 1864, wakati Mwingereza Samuel Baker alipofika ukingo wa mashariki na kulipa ziwa jina la mume wa malkia wake, aliyekuwa amekwisha kufa. Kutoka ng'ambo ile aliona milima yetu ikiwa na rangi ya samawati kwa ajili ya umbali, na ndiyo maana hadi leo ramani za Kifaransa zinaandika Monts Bleus. Aliyesimama Djugu anajua milima hiyo ni ya kijani. Ilipewa jina na mtu aliyeitazama kutoka upande mwingine, na mambo mengi ya njia hizi yaliamuliwa kwa mtindo huo huo.

Stanley, ambaye watu walimwita Bula Matari, alitokea msituni na kufika juu ya ziwa Desemba 1887. Alikuja kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria aliyekwama kaskazini baada ya vita vya Mahdi kule Sudan. Walikutana Aprili 1888 karibu na kwa mtemi Kavalli, Emin akiwa amekuja na meli yake ya moshi iliyoitwa Khedive. Msafara haukupita kwa amani. Ulipigana na watu wa vilima, ulichoma nyumba, ulichukua chakula na ng'ombe. Aprili 1889 msafara uliondoka kwa Kavalli kuelekea pwani ya Bahari ya Hindi, na mizigo ya Emin iliyopandishwa kutoka ufukweni hadi juu ya ukingo ilipanda vichwani mwa watu. Kwa ukingo huu, huo ndio usafirishaji mkubwa wa kwanza ulioandikwa kwenye vitabu. Waliobeba hawakuandikwa.

Halafu ikaja mikataba. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Léopold walikubaliana juu ya ukanda wa Mahagi, ili Dola Huru la Kongo lipate mlango wa kufika ziwani. Mwaka 1910, baada ya Léopold kufa, mpaka ulipangwa upya na ukapita katikati ya maji. Waalur wakajikuta nusu huku, nusu kule. Lakini kipande cha Mahagi kilibaki Kongo, na pale ndipo njia ya kaskazini ingepata mwisho wake.

Sababu ya njia zenyewe ni dhahabu. Iligunduliwa mwaka 1903 katika nchi ya Kilo, na baada ya miaka michache machimbo yalikuwa yanafanya kazi. Mwaka 1926 yakawa ya kampuni ya Kilo-Moto, jina ambalo hapa Ituri hakuna asiyelijua. Machimbo yanahitaji mashine, na mashine hazikuweza kuja kwa urahisi kutoka Boma au Léopoldville, kwa mto na msitu wa miezi. Mlango wa karibu ulikuwa Mombasa. Safari ya mzigo ilikuwa hivi: kutoka bahari kwa gari la moshi hadi Ziwa Victoria, kisha reli ndogo ya Jinja hadi Namasagali iliyofunguliwa mwaka 1912, kisha meli kwenye Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, kisha kwa barabara hadi Butiaba, kisha meli tena kuvuka Ziwa Albert. Ukishuka Kasenyi au Mahagi Port, umefika Kongo. Hapo mbele yako kuna ukuta wa mita mia kadhaa.

Ukuta huo ulipandwa kwanza na watu. Wapagazi walikusanywa kupitia watemi, kila usultani na idadi yake, na mtemi aliyeshindwa kutoa watu alijua kitakachompata. Kila chuma kilichofika Kilo siku zile za mwanzo kilifika hivyo. Baadaye njia ya gari ilichongwa ili kupunguza wapagazi, lakini waliochonga walikuwa watu wale wale. Jembe, chepeo, kikapu cha udongo kichwani, na fimbo ya msimamizi. Mwaka 1933 sheria ya mkoloni iliruhusu kuwafanyisha wanakijiji kazi za lazima siku 60 kwa mwaka, mashamba ya lazima na njia zikiwemo; mwaka 1942, wakati wa vita vya dunia, zikawa 120. Ukiziweka pamoja ni theluthi ya mwaka mzima wa mkulima.

Na siyo chepeo tu. Wafanyakazi wa machimbo walipaswa kula. Maharage na mahindi yalitoka vilima vya Djugu, nyama ilitoka kwa wafugaji, samaki wa chumvi na wa kukausha walipanda kutoka ziwani. Kwa hiyo njia ilikuwa na pande mbili za kazi: dhahabu ikitoka, chakula kikiingia machimboni. Kijiji kilikuwa katikati kama mrija. Ni kweli kwamba wako waliofaidika: wafanyabiashara walifungua maduka, shule za misheni zilipata vitabu, mgonjwa aliweza kufika hospitali kwa lori. Wazee wanaozisifu njia za Wabelgiji hawasemi uongo, zilikuwa zimenyooshwa vizuri, na kila kipande kilikuwa na makantonye wake wa kuziba mashimo baada ya mvua. Wanachosahau kusema, au hawapendi kusema, ni nani aliyekuwa kantonye na alilipwa nini.

Kuanzia mwaka 1930 hivi, meli iliyoitwa Robert Coryndon ilikuwa inazunguka Ziwa Albert kutoka Butiaba. Kasenyi ulikuwa wakati wake. Msafiri aliyetoka Nairobi kwenda kuona misitu ya Ituri alishuka hapo, akapanda gari kuelekea Bogoro na Irumu, mji uliokuwa makao ya serikali kabla ya Bunia kuwa mkubwa. Vitabu vya watalii wa siku hizo viliisifu sana safari hiyo. Pale Kasenyi, mizigo iliendelea kushushwa na watu wasio na viatu.

Kisha mambo mawili yalibadilisha ramani bila mtu yeyote wa Ituri kuulizwa. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipandisha maji, bandari ya Butiaba ikaharibika, Robert Coryndon ikazama, na huduma ya meli ikaisha. Mwaka 1964 reli ya Uganda ilifika Pakwach, kaskazini mwa ziwa. Tangu hapo mzigo wa Mombasa haukuwa na sababu ya kuvuka maji. Ulikuja kwa Pakwach, Goli, Mahagi, halafu ukashuka kusini hadi Bunia. Kasenyi ulibaki mji wa samaki, na njia ya Mahagi ikawa mlango mkuu. Anayeshangaa kwa nini leo bei ya sabuni na saruji Bunia inapanda siku mbili baada ya risasi kusikika Djugu, jibu lake linaanzia hapo, miaka sitini iliyopita.

Jeshi nalo lilielewa haraka. Machi 1965, wakati wa uasi wa Simba, askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walitoka Bunia wakafuata njia hiyo hiyo, Nioka, Mahagi, Aru, ili kuwafungia Simba mpaka wa Uganda na Sudan. Aliyeshika njia ameshika mji. Somo hilo lilikuja kurudiwa na wengi.

Wakati wa Mobutu njia zilikufa polepole. Ziwa lenyewe lilibadilishwa jina likaitwa Mobutu Sese Seko, lakini jina halizibi mashimo. Salongo ilitangazwa, kila Jumamosi watu na majembe yao, na kwa mara nyingine aliyekaa kando ya njia ndiye aliyeitengeneza bure kwa ajili ya lori la mtu mwingine. Miaka ya 1980 dereva wa Mahagi alikuwa anahesabu safari kwa siku, siyo kwa saa. Palipokuwa na tope, vijana wa kijiji walisukuma gari na kulipwa kitu kidogo. Wengine, inasemwa kwa kicheko lakini ni kweli, walilinda tope lao lisikauke.

Vita vya mwaka 1998 viliwakuta watu hapo. Jeshi la Uganda liliingia Bunia mwaka huo, na Juni 1999 mapigano ya ardhi katika wilaya ya Djugu yakageuka kuwa vita vya jumuiya. Hapo ndipo neno barière lilipopata maana nyingine. Kamba kati ya miti miwili, vijana wenye silaha, swali la jina lako na lugha ya mama yako. Njia ambayo babu zao waliichonga pamoja, chini ya fimbo moja, iligawanywa vipande: huyu anaweza kupita hadi hapa, yule asifike hapa.

Bogoro ililipa bei ya kuwa njiani. Mwenye Bogoro anaweza kufunga njia ya kutoka Bunia kwenda ziwani, na mwaka 2003 askari wa UPC walikuwa na kambi katikati ya kijiji, kwenye shule. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa. Raia wengi waliuawa, wakiwemo waliokimbilia madarasani. Miaka mingi baadaye kijiji hicho cha njiani kilitajwa kila siku mjini La Haye. Januari 2012 majaji wa Korti ya Kimataifa, CPI, walikuja wenyewe kutazama mahali. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa huru Desemba 2012 kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Germain Katanga alipatikana na hatia Machi 2014 na kuhukumiwa miaka 12. Machi 2017 korti iliwapa wahanga 297 fidia, ikiwemo dola 250 za ishara kwa kila mmoja. Wako waliozichukua wakanunua mabati, wako waliosema haziwezi kununua hata ng'ombe mmoja aliyeporwa siku ile. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Mei 2003 Waganda waliondoka, na mapigano yakaingia mjini Bunia kabla ya jeshi la Ulaya la operesheni Artémis kufika mwezi Juni. Watu walitoka mjini kwa njia zote. Wengine walienda kusini kwa Komanda na Beni, kwa miguu, wiki nzima na zaidi. Wengine walifuata nyuma ya askari wa Uganda waliokuwa wanarudi kwao. Na wengi walishuka ukingo, Kasenyi na Tchomia, wakaingia kwenye mitumbwi. Ni kijia kile kile cha chumvi, sasa kikielekea upande mmoja tu.

Baada ya hapo ilikuja miaka ya utulivu, ambayo vijana wa leo wanaikumbuka vizuri. Lori zilirudi, motari walianza kupeleka abiria hadi Kasenyi na kurudi siku moja, watu wa Bunia walishuka Jumapili kula samaki mbichi ufukweni. Mafuta yalipogunduliwa upande wa Uganda mwaka 2006, maji yakawa na wenyewe wapya. Mwaka 2007 risasi zililia ziwani, na Septemba mwaka huo Rais Kabila na Rais Museveni walitia sahihi mkataba Ngurdoto, Tanzania. Mvuvi alijifunza kwamba mpaka, ambao hauonekani kwenye maji, unaweza kumgharimu mtumbwi na mashine yake.

Desemba 2017 mauaji yalianza tena Djugu. Safari hii vijiji viliungua kwenye vilima vilivyo kati ya RN27 na ziwa, yaani mahali ambapo mtu anaweza kukimbilia pande mbili. Waliochagua njia kuu walifika Bunia na kulala kwenye uwanja karibu na Hospitali Kuu, kabla ya kupelekwa kambi za Kigonze na ISP. Waliochagua ziwa walishuka usiku hadi fukwe ndogo ndogo, na mitumbwi ikawavusha hadi Sebagoro, Uganda. Katika miezi mitatu ya kwanza ya 2018 makumi ya maelfu walivuka hivyo. Wako waliozama, maana upepo wa ziwa hili unajulikana na mitumbwi ilijazwa kupita kiasi. Kipindupindu kiliwapokea ng'ambo mwezi Februari.

Tangu hapo RN27 imefunguliwa na kufungwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayehesabu. Mei 2021 serikali ya dharura ya kijeshi, État de siège, ilitangazwa katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Kuna vipindi lori zilisafiri kwa msafara, askari wa FARDC mbele na nyuma, na kuna vipindi wenye barière za msituni walikusanya pesa mchana kweupe. Februari 2022 kambi ya Plaine Savo, katika vilima hivyo hivyo, ilishambuliwa usiku, na wahamaji waliokuwa wamekwisha kukimbia mara moja wakauawa ndani ya makimbilio yao. Katika mkoa mzima, waliohama makwao wamezidi milioni moja.

Juu ya hayo, ziwa nalo likapanda. Kuanzia mwaka 2020 maji yaliingia kwenye nyumba za Kasenyi, Tchomia na Mahagi Port, kama yalivyofanya Butiaba miaka ya 1960. Kwa hiyo kuna familia ambazo zimefukuzwa na bunduki kilimani, zikafukuzwa na maji ufukweni, na sasa zinasubiri mahali ambapo si kilima wala ufuko.

Kila serikali inayokuja inaahidi lami hadi Mahagi. Lami ni kitu kizuri na hakuna mhamaji anayeikataa. Lakini swali linaloulizwa kwenye kambi si la lami. Ni kama shamba lililoachwa kando ya njia tangu 2018 bado lina mwenyewe, nani amelima hapo wakati huu wote, na nani atakuwa amesimama kwenye barière siku watakaporudi. Baadhi hujaribu. Baba hutangulia peke yake, analala siku mbili katika kijiji, anakata majani, anaangalia kama kisima kinatoa maji, kisha anarudi kambini na kutoa habari. Wanawake wa Kigonze wana njia yao ya haraka zaidi ya kujua hali. Wanaenda sokoni Bunia asubuhi na kuangalia meza za samaki. Samaki mbichi wakiwepo, wa jana usiku, basi gari la Kasenyi limepita Bogoro bila shida. Kukiwa na wa kukausha tu, mtu anarudi nyumbani na kungoja.